Injini Isiyopata Joto

Kwa miaka ishirini na sita hakuna injini iliyotoka mikononi mwa Fundi Nsiah ikachemsha njiani. Suame nzima, mtaa wa gereji wa Kumasi, walilijua hilo, na wasiolijua aliwaambia mwenyewe. Mafundi wa Suame hawahesabiki, na kila mmoja ana sifa yake. Huyu husikia beringi iliyochoka gari likiwa bado kwenye kona, yule hurudisha giaboksi yote bila kubakiza hata nati moja mkononi. Sifa ya Nsiah ilikuwa hiyo tu, kwamba gari lake halichemshi, na kwa sifa hiyo alijenga nyumba, akasomesha watoto, akaitwa kaka hata na watu waliomzidi umri.

Siri yake haikuwa siri. Gari likitoka bandarini Tema, kabla mwenyewe hajalionyesha hata kwa mama yake mzazi, huletwa Suame litahiriwe. Ndivyo tunavyosema pale. Fundi hufungua boneti, hulifuata bomba la juu la maji mpaka linapoingia kwenye injini, hufungua nati mbili na kuchomoa thamostati, kijidude cha shaba chenye springi kinachoyazuia maji ya rejeta yasiingie kwenye injini mpaka injini ipate joto. Akishakichomoa hukitupa. "Hiki ni cha Wazungu, kule kwenye barafu," husema. "Hapa jua linatosha." Mwenye gari hucheka, hushukuru, huenda zake. Nsiah alikuwa ametahiri magari mengi kuliko nywele za kichwani pake, jambo ambalo halikuwa gumu, maana zilikuwa zimebaki chache.

Jumatatu moja ya Desemba, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa kutoka jangwani, likiwa limeifunika Kumasi yote, aliingia Mama Birago na gari lake. Huyu alikuwa mkunga mstaafu. Watoto watatu wa Nsiah walipita mikononi mwake, na yule wa mwisho alitoka miguu kwanza, kwa hiyo katika mji ule wote hakuna mtu ambaye Nsiah alishindwa kumkatalia jambo isipokuwa yeye. Gari lake lilikuwa dogo la juu, la kijivu, injini ya petroli ya silinda nne. Nsiah mwenyewe alimchagulia bandarini, na Nsiah mwenyewe alilitahiri. Kila Jumatano Mama Birago alilipandisha mlima wa Mampong kwenda vijiji vya nyuma ya mlima kuwaangalia wajawazito, kazi ambayo serikali ilikuwa imeshamwambia apumzike nayo.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa," alisema akishuka.

"Anaumwa nini, Mama Mkunga?"

"Anaona baridi."

Nsiah alicheka mpaka akashika kiuno. "Gari haliumwi baridi, mama yangu. Gari huumwa joto."

"Acha kucheka uje uone. Nimetoka Mampong sasa hivi, mwendo wa saa nzima na zaidi. Mshale wa joto uko wapi?"

Nsiah aliinama dirishani. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, utadhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Mama Birago hakumngoja aseme neno. Alifungua boneti, akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza. Chini yake palikuwa na utando mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Akachomoa kijiti cha oili na kumsogezea puani, nacho kikanuka petroli. Akatoa mfukoni plagi iliyofungwa kwa kitambaa, nyeusi tii kwa masizi.

"Hii uliniwekea Septemba," alisema. "Na petroli ninayojaza kwenda Mampong mara moja zamani nilikuwa ninakwendea mara mbili, kwenye gari langu la kwanza, tena lilikuwa kubwa kuliko hili."

"Petroli ya siku hizi imechanganywa."

"Nilijua utasema hivyo. Nimejaza vituo vitatu tofauti. Wote wamekubaliana wanichanganyie mimi?"

Nsiah alijifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Utando ule hakuuona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameuona kwenye magari mengi, mwaka baada ya mwaka, na kila mara aliulaumu mwendo wa dereva, au oili ya bei rahisi, au hao wenye vituo.

"Mtoto akizaliwa," alisema Mama Birago, "sisi wakunga tunaogopa nini kwanza?"

"Homa."

"Baridi, Fundi. Homa ina siku zake. Mtoto aliyepoa hanyonyi vizuri, na kile kidogo anachonyonya hakimjengi. Lakini kila mwaka nawakuta watu wazima na akili zao wamemvua nguo mtoto wa siku moja, eti kwetu kuna joto." Akafungua pochi, akatoa kiboksi kidogo cha karatasi ngumu. "Irudishie injini yangu nguo yake."

Ndani mlikuwa na thamostati mpya.

Mafundi wa vibanda vya jirani waligeuka kutazama. Boadu, fundi umeme wa kibanda cha pili, ambaye Mungu alimpa ulimi kabla ya kumpa mikono, alipaza sauti. "Mama, mbona umesahau sweta? Na soksi nne za magurudumu!"

"Sweta nimeiweka kwa ajili yako, Boadu. Ukiuacha mdomo wazi hivyo na vumbi hili utapata kikohozi."

Gereji nzima ilicheka, na Boadu akacheka kuliko wote. Nsiah peke yake hakucheka. Alikishika kile kiboksi na kuona kuwa amekabwa pande zote mbili. Akiweka kijidude na gari likachemsha, basi miaka ishirini na sita ya jina imekwenda na mvuke. Akikiweka na lisichemshe, je? Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu itakuwa na maana kwamba miaka yote hiyo aliyaharibu magari ya watu polepole, akishukuriwa.

"Kuna mafundi wengi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwingine atakuwekea kwa dakika kumi."

"Nikienda kwa mwingine utanisamehe?"

Nsiah alifikiri. Kumasi mtu huweza kubadilisha kanisa na watu wakamwelewa, lakini hambadilishi fundi. "Sitakusamehe," alikiri.

"Ndiyo maana nimekuja hapa. Sasa niambie unaogopa nini."

Walikaa kwenye viti viwili vya gari vilivyong'olewa, kila mmoja na bakuli la uji wa pilipili wa Hajia Ladi, ambaye jiko lake la mkaa liko penye lango la gereji. Nsiah alimsimulia jambo ambalo hata mkewe alilijua nusu tu. Mwaka ule mwalimu wake alipommwagia poda kichwani mbele ya mafundi wote, kama wanavyofanyiwa wanaohitimu, na kumruhusu afungue gereji yake mwenyewe, mteja wake wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa viazi vikuu aliyeitwa Konadu. Mwezi wa pili tu gari la Konadu lilichemsha kwenye mlima wa Mampong. Nsiah alipofika alikuta silinda hedi imepinda na injini imekufa. Akaifungua palepale kando ya njia, akakuta thamostati imegandia, imefunga njia ya maji, haifunguki hata kwa nyundo.

"Hakunigombeza," Nsiah alisema. "Ningependa anigombeze. Alikuwa ameketi juu ya magunia yake. Akaniambia, 'Watu walinionya kwamba wewe bado mtoto, nikawabishia.' Basi. Hayo tu. Tangu siku hiyo nikiona kile kidude ninakichomoa."

Mama Birago alimaliza uji wake bila haraka.

"Hospitali kwetu, mama akifa kwenye uzazi, tulikuwa tunaketi mezani sote, daktari, wakunga, dereva wa ambulansi, hata mfagiaji. Na sharti moja. Marufuku kuuliza ni nani. Unauliza ni nini, na kabla ya hicho ni nini, na kabla ya hicho tena ni nini, mpaka mwisho. Haya. Kijidude kiligandishwa na nini?"

"Kutu."

"Kutu ilitoka wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji yalikuwa ya wapi?"

Nsiah alilitazama bakuli lake. "Ya kisima. Hapa hapa nyuma. Nilijaza mwenyewe, ndoo mbili."

"Hukutia dawa ya rejeta?"

"Kulanti wakati ule? Nani angekuwa na..."

"Sijauliza nani."

Nsiah aliliweka bakuli chini. Uso ulimwaka moto ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Kijidude hakikuwa na kosa. Kilipewa maji machafu kikashindwa kufanya kazi yake, na yeye akakihukumu kifungo cha maisha, chenyewe na ndugu zake wote waliotoka kiwandani. Aliona aibu, na pamoja na aibu aliona kitu kingine ambacho hakukitegemea, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba mpaka akasahau kuwa ni mzigo.

"Lakini kama hiki nacho hakifunguki?" alisema, maana ubishi wa fundi hauishi mara moja.

"Si kuna maji ya moto pale?"

Hajia Ladi aligoma. Sufuria yake ni ya chakula, alisema, si ya vyuma. Alikubali Mama Birago alipomkumbusha ni nani aliyemzalisha watoto wake mapacha. Basi Nsiah alikifunga kijidude kwa waya na kukining'iniza ndani ya maji, na mafundi wakaacha kazi na kuzunguka jiko, hata watu wazima ambao wamefungua injini maisha yao yote lakini hawajawahi hata mara moja kukiona kitu hiki kikifanya kazi. Maji yalianza kutoa vipovu pembeni. Kijidude kilikuwa kimefumba. Vipovu vikaongezeka. Kikaanza kufunguka polepole, kwa upana wa ukucha, kisha wa kidole.

"Eeeh!" alisema Boadu, akainama mpaka mvuke ukampiga usoni.

Nsiah alikitoa, kikapoa, kikafumba. Alikirudisha majini. Alifanya hivyo mara tatu, na ya tatu haikuwa ya kupima kitu chochote ila alifurahi kukitazama.

Kazi yenyewe aliifanya kwa mikono yake bila kumwachia mtu. Alipofungua rejeta yalitoka maji mekundu ya kutu, ya kisima kilekile, na hakumtazama Mama Birago usoni. Aliisafisha njia yote ya maji kwa mpira wa bomba mpaka yakatoka meupe. Aliweka kijidude, kitundu chake cha kutolea hewa kikielekea juu, akaweka gasketi mpya, akajaza kulanti iliyochanganywa na maji safi ya chupa. Aliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, akawa anaminyaminya bomba mpaka hewa yote ikatoka na feni ikawaka yenyewe. Alimwaga oili iliyonuka petroli na kutia mpya, akaweka na plagi nne mpya. Jioni hiyo Boadu alikuwa ameshaitangazia Suame kwamba Jumatano Nsiah anakwenda kuchemsha uji mlimani.

Jumatano asubuhi Nsiah alishika usukani na Mama Birago akakaa kando yake na mkoba wake wa kazi mapajani. Walipofika Ntonso, kabla ya mlima, mshale ulikuwa umepanda mpaka katikati. Nsiah hakuwahi kuuona hapo kwenye gari lile. Injini ilikuwa ikinguruma kwa sauti laini ambayo hakuizoea. Alikanyaga mafuta, likaitika bila kusitasita.

"Limeacha kukohoa," alisema.

"Limeshiba joto."

Chini ya mlima wakakuta balaa. Lori la viazi vikuu lilikuwa mbele yao likipanda kwa kujikokota, gia ya kwanza, na kwenye kona zile hapakuwa na mahali pa kulipita. Mwendo kama huo, bila upepo wa mbele, ndio uliolimaliza gari la Konadu. Nsiah alitazama mshale, akatazama barabara, akatazama mshale.

"Fundi, tazama barabara. Mshale nautazama mimi."

"Umepanda?"

"Endesha."

"Mama, nakuuliza umepanda?"

"Kidogo."

Magunia ya lori yalikuwa yakiyumba mbele ya macho yake, na alikuwa kama anamwona Konadu juu yake, ameketi, hagombezi. Alitaka kusimama. Alishika mkono wa gia, na wakati huohuo akasikia chini ya boneti feni ikiwaka, ikivuma kwa nguvu.

"Umerudi katikati," alisema Mama Birago. "Nimekwambia endesha."

Kileleni alisimama, akafungua boneti na kuinama. Hakuna mvuke, hakuna tone. Bomba la juu lilikuwa la moto kama inavyotakiwa. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, kikanuka oili tu. Nsiah alicheka peke yake kando ya barabara, mwanamume wa miaka hamsini na minne, kisha kicheko kikamkatikia.

"Magari yote yale," alisema.

Mama Birago alikuwa amefungua kifurushi cha viazi vikuu vya kukaanga na pilipili. Alimpa kipande. "Mimi sitasema kwa mtu. Boadu nitamwambia tumerudi tukakitoa tena kijidude njiani. Atakwambia alijua, na mambo yataisha."

Lilikuwa pendekezo zuri, na Nsiah alilila pamoja na viazi. Siku nzima aliendesha kijiji hadi kijiji. Mama Birago aliingia ndani ya nyumba za watu kupima matumbo, naye akabaki nje na gari, akilisikiliza likipoa, akiwa na furaha ambayo hakuipata tangu siku ya ile poda. Jioni mshale wa petroli ulikuwa juu ya nusu, akaugonga kwa kidole kuhakikisha kama haujakwama.

Alhamisi, kabla hata uji wa Hajia Ladi haujaiva, aliingia Bwana Kyeremeh, mwuza vitenge wa sokoni Kejetia, na gari dogo la juu jeupe ambalo plastiki ya viti vyake ilikuwa bado haijavuliwa. Lilikuwa limetoka Tema jana yake.

"Fundi! Nimekuletea la kutahiri!"

Mafundi wakasogea. Boadu alisimama mbele kabisa, mikono kifuani.

Nsiah alichukua spana namba kumi na mbili, akafungua boneti, akalifuata bomba la juu mpaka kwenye zile nati mbili. Kila mtu alikuwa akimtazama. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na baada yake kila kitu kingebaki kama kilivyokuwa. Aliirudisha spana mfukoni.

"Siondoi," alisema.

"Huondoi nini?"

"Thamostati. Ina kazi yake. Tutasafisha maji, tutatia kulanti nzuri, utakuwa unaniletea niyaangalie. Lakini hiyo siiondoi."

Bwana Kyeremeh aliwageukia wengine kuona kama anataniwa. "Si wewe ndiye unayeziondoa? Tangu lini umeacha?"

"Tangu jana."

Mtu alicheka nyuma.

"Na zile za miaka ishirini na sita?" aliuliza Boadu.

Nsiah aliifunga boneti ya lile gari jeupe. "Nilikosea," alisema, na akalisema tena kwa sauti ya kufika mpaka vibanda vya ng'ambo, kwa kuwa lisemwapo nusu halina maana. "Nilikosea. Niliyemtolea aje nimrudishie."

Bwana Kyeremeh alilitazama gari lake jeupe, kisha akamtazama Nsiah kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mgonjwa. "Niliambiwa nije kwa fundi asiyekosea," alisema. Alipanda, akawasha, akaenda zake mpaka kibanda cha nne, na kila mtu alimwona fundi wa pale akifungua boneti.

Nsiah alibaki amesimama penye nafasi tupu. Lilimwuma, na hakuficha kuwa limemwuma. Mafundi walirudi kwenye kazi zao mmoja mmoja, na nyundo zikaanza tena.

Boadu peke yake hakuondoka. Alikuna shingo, akatazama chini, akaingia nyuma ya kibanda chake. Alirudi akiendesha gari lake mwenyewe kuukuu, akalisimamisha palepale alipoondoka Kyeremeh, akashuka na kumtupia Nsiah ufunguo.

"Anza na langu," alisema.